Mikono yote miwili ilikufa ganzi, eksirei ni safi: je, arudi ulingoni?

*"Daktari, mdogo wangu ana miaka 23 na anacheza mieleka ya kulipwa. Mwezi uliopita alinyanyuliwa, akatua kwa kichwa na mabega badala ya mgongo. Anasema mikono yote miwili ilikufa ganzi na kuwaka moto kwa dakika mbili hivi, kisha ikarudi, akainuka na kumaliza pambano. Hospitalini alipigwa eksirei ya shingo, wakamwambia mifupa iko sawa. Sasa promota amempa pambano kubwa kuliko yote aliyowahi kupata, wiki tatu kutoka leo. Mimi dada yake naogopa, lakini nyumbani wananicheka: mieleka si maigizo tu? Yeye mwenyewe anasema kila mwanamieleka anaumwa shingo, na akikaa nje sasa atasahaulika. Je, naogopa bure? Na jeraha kama hili linaweza kweli kumkatizia kazi mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza kung'ara?"*

Dada, huogopi bure. Kwa kuwa wiki tatu si nyingi, nianze na la haraka: mdogo wako asipande ulingoni, asifanye mazoezi ya kuangushwa, wala asinyanyue vyuma vizito juu ya kichwa mpaka aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu au wa uti wa mgongo na apigwe picha ya MRI ya shingo. Sisemi kazi yake imekwisha. Ninachosema ni kwamba kwa eksirei peke yake hakuna awezaye kukuambia kama imekwisha au haijaisha.

Katika swali lako kuna maneno uliyoyapita haraka, nami nimerudi kuyasoma tena: *mikono yote miwili*.

Ingekuwa mkono mmoja, ningekuwa na utulivu zaidi. Wanamieleka na wacheza raga wengi wanaijua ile hali ya bega kusukumwa chini na shingo kuvutwa upande wa pili: moto unashuka kama shoti ya umeme mpaka vidoleni, mkono unalegea kwa sekunde au dakika chache, halafu unarudi. Hapo mishipa ya fahamu ya mkono ule ndiyo iliyovutwa au kubanwa nje ya uti wa mgongo. Inauma, ikijirudia inahitaji kuchunguzwa, lakini aghalabu hupona. Mikono miwili kwa pamoja ni habari nyingine. Mishipa ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto hutoka pande tofauti za shingo, na pigo moja kuiumiza yote sawasawa kwa nje ni nadra. Mahali inapokutana ni ndani, kwenye ugwe wa mgongo, ule mkusanyo wa mishipa ya fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia mfereji wa pingili, ile mifupa midogo ya uti wa mgongo. Ganzi inapokuja kulia na kushoto kwa wakati mmoja, daktari huchukulia kwamba ugwe wenyewe ndio ulioguswa mpaka athibitishe vinginevyo. Kwamba ilipita baada ya dakika mbili ni jambo la kushukuru, ila haliondoi haja ya kujua kwa nini ilitokea.

Eksirei haikudanganya. Iliulizwa swali dogo, ikajibu swali dogo: mfupa umevunjika au umehama? Haukuvunjika wala kuhama, vizuri. Lakini eksirei haionyeshi ugwe, haionyeshi diski, ule mto laini kati ya pingili na pingili, iliyosogea na kuugusa, wala haionyeshi uvimbe ndani ya ugwe. Hayo huonekana kwenye MRI. Nimewaona vijana wengi wakiitembeza bahasha ya eksirei kama cheti cha afya njema, na siwalaumu, maana mara nyingi hakuna aliyekaa nao akawaeleza kipimo hicho kinaona nini na hakioni nini.

Sasa hao wanaokucheka nyumbani. Wana ukweli nusu. Ni kweli mshindi hupangwa kabla, na wapinzani wawili hushirikiana kila mmoja amlinde mwenzake. Lakini mwili wa kilo mia ukidondoka, unadondoka. Ulingo wa mieleka ni mbao zilizolazwa juu ya fremu ya chuma, juu yake godoro jembamba, kisha turubai. Unanesa kidogo, na ule mshindo mkubwa unaosikika ni sauti ya mbao. Kinachomlinda mchezaji ni namna ya kutua, na ndiyo maana mafunzo ya mwanzo kabisa huwa ni kuanguka: kidevu kifuani, sehemu ya juu ya mgongo iguse chini yote kwa mpigo mmoja, mikono ipige turubai pembeni, pumzi itoke. Nguvu ya mwanguko inatandazwa kwenye eneo pana la mwili.

Kichwa kikitangulia, ufundi uleule unamgeuka. Shingo ikiwa wima ina mpindo wa asili unaoisaidia kunywea mshtuko, na misuli yake inasaidia kubeba. Kidevu kinapoinamishwa kifuani, mpindo ule unanyooka, pingili zinapangika mstari mmoja. Uzito ukija kutoka utosini katika hali hiyo, hauna pa kutawanyika. Unashuka moja kwa moja kwenye mifupa na diski. Haihitaji kudondoka kutoka mbali. Mapigo ambayo mchezaji hushikwa kichwa chini miguu juu yameogopwa miaka yote kwa sababu hiyo, na WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, iliyazuia kwa karibu wachezaji wake wote.

Hata bila ajali, kuna kitu kinachoendelea polepole. Kila mwanguko, hata ule uliotua vizuri, huacha deni dogo. Diski za shingo hupoteza maji na kunywea, mwili hujibu kwa kuotesha vijimfupa pembeni mwa pingili, na mfereji unapungua upana. Ugwe ukibaki ndani ya mfereji mwembamba ni kama kidole ndani ya pete iliyobana: siku nyingi hausikii kitu, lakini ukitikiswa au ukivimba kidogo tu, hauna pa kwenda. Wako pia watu waliozaliwa na mfereji mwembamba na hawajui. Kwao, tukio kama hili la mdogo wako laweza kuwa ndiyo taarifa ya kwanza. Daktari atataka kujua mfereji wake una upana gani, kwa sababu jibu la swali lako linategemea hilo kuliko linavyotegemea ukali wa maumivu.

Najua mdogo wako atakutajia Steve Austin, nyota wa zamani wa kampuni hiyo. Kila mwanamieleka kijana anamtaja. Tarehe 3 Agosti 1997, kwenye onyesho la SummerSlam, mpinzani wake Owen Hart alimgeuza kichwa chini akaketi naye, na utosi wa Austin ukagonga ulingo. Ukiitazama video yake, acha kumtazama aliyelala, mtazame Owen Hart: anazunguka ulingoni akiwachokoza mashabiki, anavuta muda, kwa sababu mpinzani wake hawezi kusogea. Baadaye Austin anatambaa, anamvuta kwa nyuma na kumbingirisha kwa nguvu ya mtoto, refa anahesabu hadi tatu, na Austin anatoka na mkanda. Machi 1998 akawa bingwa mkuu, na miaka yake ya fahari ilikuja baada ya jeraha lile, si kabla. Hayo yote ni kweli. Lakini simulizi haliishii hapo. Alikuwa anaibeba shingo mbovu muda wote huo. Mwanzoni mwa 2000 akafanyiwa upasuaji na kukosekana kwa miezi mingi. Na tarehe 30 Machi 2003, akiwa na miaka 38, alicheza pambano lake la mwisho, kwa hesabu zote za wakati ule. Kurudi kwake kwa usiku mmoja mwaka 2022, miaka 19 baadaye, hakubadilishi hesabu ya miaka iliyopotea katikati.

Mimi ningependa amtazame mwanamieleka wa kike Paige, kwa sababu alipoumia umri wake ulikaribiana na wa mdogo wako. Alifanyiwa upasuaji wa shingo 2016, akarudi ulingoni Novemba 2017, na mwezi mmoja tu baadaye, katika pambano lisilorushwa hata kwenye televisheni, akapigwa teke la mgongoni. Teke la kawaida, la aina ambayo wachezaji hupokea kila wiki. Aprili 2018 alitangaza kustaafu akiwa na miaka 25. Alikuja kucheza tena mwishoni mwa 2022, katika kampuni nyingine, baada ya miaka karibu mitano ambayo kwa mwanamichezo ni umri mzima.

Hapa ndipo ninapotaka kukujibu lile swali kubwa. Jeraha linaweza kukatiza kazi, ndiyo, lakini mara nyingi si lile la kwanza. La kwanza huwa onyo. Linaloiua kazi ni la pili, linalokuja mwili ukiwa haujamaliza kulishughulikia la kwanza, na mieleka ina kila sababu ya kumsukuma mtu kwenye hilo la pili. Wachezaji wengi hulipwa kwa pambano, asiyepanda halipwi. Kazi yenyewe ni kuigiza maumivu, kwa hiyo mtu anapoumia kweli hata refa anaweza kukawia kugundua. Na anayemaliza pambano akiwa ameumia husifiwa chumbani na wenzake. Mdogo wako alipoinuka akamalizia, nina hakika kuna aliyempiga mgongoni kumpongeza. Jambo la busara lilikuwa kubaki chini bila kusogezwa.

Usisahau kichwa chenyewe, maana aliyetua vile huenda alipata pia mtikisiko wa ubongo na hakuna aliyeuliza. Si lazima mtu azimie. Muulize kama siku zile alikuwa na maumivu ya kichwa, kuchukia mwanga, usingizi uliovurugika, hasira zisizo na sababu, au kama kuna vipande vya pambano asivyovikumbuka. Picha za ubongo huweza kutoka safi kabisa na mtikisiko upo. Kama dalili bado zipo, haruhusiwi mazoezi ya kugongana. Anarudi kwa hatua, mazoezi mepesi kwanza, kila hatua ikipewa angalau siku nzima, na kibali cha daktari kabla ya kuangushwa tena. Bryan Danielson, aliyejulikana kama Daniel Bryan, alistaafu Februari 2016 kwa sababu ya mitikisiko iliyorundikana na akaruhusiwa kurudi Machi 2018, baada ya kuchunguzwa na wataalamu mbalimbali kwa miaka miwili. Kuhusu magoti, mabega na misuli ya kifua sitasema mengi. Hayo huharibu misimu, na kano ya mbele ya goti peke yake huomba miezi 9 hivi, lakini hayamfungi mtu kitandani.

Nikifika kwenye hofu yake ya kusahaulika, sitakudanganya kwamba ni ya kijinga. Finn Bálor alitwaa mkanda wa Universal, mmoja wa mikanda mikuu ya WWE, tarehe 21 Agosti 2016 akiwa na bega lililoumia katika pambano hilohilo, akauachia kesho yake, na hakuupata tena aliporudi. Kuna milango inayofungwa. Lakini Seth Rollins aliraruka goti Novemba 2015 akiwa bingwa, akarudi Mei 2016 na kupokewa kwa shangwe, na mwezi uliofuata akawa bingwa tena. Tofauti kati ya hao wawili haikuwa ujasiri wa kucheza na jeraha. Wote walikaa nje. Na mchezaji wa miaka 23 ambaye promota tayari anamtaka kwenye pambano kubwa hana sababu ya kuamini kwamba kipaji chake kitaoza kwa miezi michache.

Sasa MRI ikitoka, mambo yanaweza kwenda njia kadhaa. Ikiwa mfereji ni mpana, ugwe hauna alama, shingo inageuka pande zote bila maumivu na nguvu za mikono zimerudi kamili, madaktari wengi watamruhusu kurudi polepole baada ya tukio la kwanza. Hata hivyo sidhani itakuwa ndani ya wiki tatu, na mimi nisingetia sahihi. Atahitaji kuijenga misuli ya shingo na mabega chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, kisha kuanza upya na mianguko midogo akiwa na kocha. Akirudi, akubaliane na wenzake mapema kwamba mapigo ya kutua kwa kichwa na shingo hayamo. Hilo si aibu. Wanamieleka wenye majina makubwa wamefanya hivyo miaka mingi na mashabiki hawakugundua.

Ikiwa kuna diski iliyosogea na kuugusa ugwe, au mfereji umebana sehemu moja, hapo wataalamu hawana sauti moja. Wapo wanaosubiri diski inywee, wapo wanaoshauri upasuaji wa kuitoa na kuunganisha pingili mbili. Upasuaji huo unafanya kazi nzuri ya kuuokoa ugwe, na baadhi ya wanamichezo hurudi, kwa kawaida baada ya miezi 6 hadi mwaka. Gharama yake ni kwamba pingili zilizounganishwa hazikunjiki tena, na mzigo unahamia kwa za jirani. Mwanamieleka Edge aliunganishwa pingili 2003, akarudi 2004 na kucheza miaka mingine saba hivi, kisha Aprili 2011 madaktari wakamsimamisha kwa sababu ya mfereji uliobana. Alirudi Januari 2020. Lakini yeye alikuwa nyota wa kampuni kubwa na madaktari wa kuchagua; mchezaji anayelipwa kwa pambano asiipige hesabu yake juu ya mfano huo.

Na ikiwa ugwe wenyewe unaonyesha alama ya kuumia, au mfereji ni mwembamba kwa pingili nyingi, nitamwambia aache, na nadhani wengi wa wenzangu watasema hivyohivyo. Ni habari ngumu kwa mtu wa miaka 23. Ila mieleka ina kazi nyingine zinazohitaji macho ya mtu aliyewahi kuanguka. Tyson Kidd aliumia uti wa mgongo Juni 2015, na Jason Jordan alifanyiwa upasuaji wa shingo 2018 akiwa bado kijana anayepanda. Wote wawili wakawa watayarishaji wa mapambano. Corey Graves alizuiwa na mitikisiko ya ubongo 2014, na leo wengi wanamjua kwa sauti yake ya utangazaji kuliko walivyomjua akiwa ndani ya kamba. Japani, Katsuyori Shibata alivuja damu kichwani baada ya pambano la Aprili 2017, akawa mwalimu wa vijana.

Kuna jambo moja unaloweza kulifuatilia nyumbani, ingawa haliwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi. Tazama anavyofunga vifungo vya shati, anavyookota sarafu mezani, anavyoandika. Vidole vizito, vitu vinavyomponyoka, au kujikwaa mahali tambarare ni dalili kwamba ugwe unabanwa, na mara nyingi huanza bila maumivu. Daktari ataenda mbali zaidi: atamgonga kwa kinyundo viwikoni na magotini, atamtembeza kisigino mbele ya vidole, kisha atashika kidole chake cha kati na kuubinya ukucha wake kisha kuuachia kwa ghafla huku akitazama kidole gumba. Gumba kikijikunja chenyewe, daktari hatamwachia aende bila MRI.

Msimngojee daktari wa miadi, nendeni hospitali siku hiyohiyo, ikiwa ganzi au udhaifu umerudi, miguu imekuwa mizito, mkojo au choo kinamtoka bila kujua au kimeziba, au anapoinamisha shingo anasikia shoti ikishuka mgongoni. Vilevile akianza kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa, kupata degedege au maumivu ya kichwa yanayozidi kila saa. Na ikitokea ulingoni tena, yeye au mwenzake, mtu asimwinue wala kumvua kitu. Kichwa kishikwe kilivyo mpaka wahudumu wafike.

Dawa za maumivu zisitumike kumpitisha kwenye pambano. Zinazima kengele tu, na zile za kupunguza uvimbe zikimezwa kila siku huharibu tumbo na figo.

Usimpeleke kwa ugomvi. Mwambie hutaki aache; unataka ajue shingo yake ina nafasi kiasi gani kabla hajaamua. Mwombe uingie naye kwa daktari, kwa sababu wanamieleka wakiulizwa hupunguza chumvi: dakika mbili huwa sekunde chache, mikono miwili huwa mmoja. Wewe sema *mikono yote miwili* hata akikukazia macho. Kwa promota, barua ya daktari inatosha, na si kazi yako kubishana naye. Ila mdogo wako ausome mkataba ajue nani analipa matibabu akiumia. Na kama pambano lile lilirekodiwa, mchukue na video kwenye simu. Daktari akiona kichwa kilivyotua, kidevu kilikuwa wapi, na mikono ilikaa muda gani bila kusogea, atapata kwa nusu dakika kitu ambacho mdogo wako hawezi kumweleza. Ombeni miadi wiki hii. Na kama MRI itachelewa kupita tarehe ya pambano, pambano ndilo lisogezwe.